Mkate wa Kuchukua na Mkate wa Kupeleka

Dominika ya 16 ya Mwaka B
Masomo: Yer. 23:1-6, Zab. 23, Efe. 2:13-18, Mk. 6:30-34

Wapendwa wasikilizaji, ninyi mliokwisha kurudi kutoka Misa ya asubuhi, ninyi mnaojiandaa kwenda kanisani, nanyi wagonjwa na wazee ambao kwenu redio hii ndiyo kigango chenu cha Dominika ya leo: nawasalimu nyote katika jina la Bwana.

Mwinjili Marko leo anatupatia neno dogo ambalo msomaji mwenye haraka hulipita bila kuliona. Anatuambia kwamba Mitume walikuwa wamerudi kutoka utume wao, wamechoka, wana mengi ya kumsimulia Bwana. Lakini watu walikuwa wengi mno, hawa wakija na wale wakienda, hata Yesu na wanafunzi wake wakakosa wasaa wa kula. Tazameni jinsi Injili isivyoona haya kulitaja tumbo. Mwana wa Mungu, ambaye kwa neno lake mbingu ziliumbwa, alikosa chakula cha mchana!

Neno hilo lingeweza kuandikwa leo juu ya milango ya ofisi zetu, maduka yetu na vituo vyetu vya mabasi. Katika miji yetu chakula cha mchana hakikai tena mezani. Mwenye kazi hufika kwa mama ntilie, husimama tu, husema, "Nifungie," naye hufungiwa chapati zake na maharagwe, akaenda zake. Wazee wetu walitufundisha kwamba kula huku unatembea ni utovu wa adabu. Leo huo ndio mwendo wa mjini. Sikusudii kuwalaumu wenye haraka, kwa maana mimi nami ni mmoja wao. Nakusudia kuwasimulia kisa cha mkate niliokuwa nikiununua kila siku, na cha mkate mwingine ambao sikuupeleka. Kisa hiki kinanipa aibu. Lakini mhubiri asiyehubiriwa kwanza na Injili yake mwenyewe huwahubiria wengine bure.

Mwaka 2015 askofu wangu alinituma masomoni Marekani, katika jiji la New York. Nilipewa chumba katika nyumba ya mapadre wa parokia moja huko Bronx, sehemu ya kaskazini ya jiji hilo. Masomo ya asubuhi yalikwisha saa sita, na yale ya alasiri yalianza saa saba kamili. Katikati nilikuwa na saa moja ya kula, kutembea na kusali. Nawakiri kwamba mara nyingi mojawapo ya mambo hayo matatu liliachwa, nalo halikuwa kula.

Katika kona ya mtaa palikuwa na duka dogo la vyakula ambalo wenyeji huliita deli. Neno hilo ni kifupisho cha neno la Kijerumani lenye maana ya vyakula vya kupendeza ulimi, nalo lilifika kule pamoja na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19. Wakafuata Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, wakawa wakiuza nyama zilizotiwa chumvi na viungo kati ya vipande vya mkate. Baada yao walikuja watu wa Puerto Rico na wa visiwa vingine vya Karibi, na katika miaka hii ya karibuni mengi ya maduka ya kona katika jiji hilo yako mikononi mwa watu wa Yemeni. Kumbe, taifa baada ya taifa liliingia katika jiji lile likiwa na njaa, kisha likasimama nyuma ya kaunta na kuwalisha wengine.

Chakula nilichokuwa nikinunua ni sandwichi, yaani mkate uliopasuliwa ukajazwa kitoweo. Mwenye duka alikuwa akiweka nyama ya kusaga juu ya bamba la chuma lenye moto, akiikatakata kwa mwiko wa chuma pamoja na vitunguu, akitandaza jibini juu yake mpaka iyeyuke, kisha akaiingiza katika mkate mrefu pamoja na nyanya na majani ya saladi. Aliukata mkate katikati, akaufunga katika karatasi, nami nikalipa dola tano na kutoka. Yote hayo yalimalizika katika dakika tano. Niliula mkate ule nikiwa njiani, na mara nyingi nilipofika darasani sikukumbuka tena ladha yake.

Husimuliwa kwamba sandwichi ilipata jina lake kwa bwana mmoja mkubwa wa Uingereza wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich. Wanasema alikuwa akicheza karata, hakutaka kuondoka mezani, akaagiza aletewe nyama kati ya vipande viwili vya mkate. Kama ndivyo, basi jina la chakula hiki limezaliwa na mtu asiyetaka kusimamisha alilokuwa akilifanya.

Lakini Wayahudi wana kumbukumbu ya kale zaidi. Mwalimu wao Hilleli, aliyeishi karibu na siku za kuzaliwa kwake Bwana wetu, alikuwa akiweka pamoja mkate usiotiwa chachu na mboga chungu za Pasaka, akavila kwa pamoja. Na hata leo, katika karamu yao ya Pasaka, Wayahudi hufanya hivyo kwa kumkumbuka. Huo ni ukumbusho wa usiku ule wa Misri, ambapo Mungu mwenyewe aliwaagiza watu wake wale kwa haraka, viuno vimefungwa, viatu miguuni, fimbo mkononi.

Basi, ndugu zangu, haraka yenyewe si dhambi. Ipo haraka ya mcheza karata, na ipo haraka ya Pasaka. Mcheza karata hula upesi ili asiondoke pale alipo. Mwana wa Israeli alikula upesi ili aondoke na kwenda kule Mungu anakomwita. Kila mmoja wetu anayesema "nifungie" angefaa kujiuliza: haraka yangu ni ipi kati ya hizo mbili?

Katika mitaa ya New York wateja humwita muuza duka wa Kiyemeni akhi, neno la Kiarabu lenye maana ya "ndugu yangu". Watu wa pwani watalitambua mara moja, kwa maana ni jamaa wa neno letu yakhe. Nami niliyekulia katika mji mdogo wa pwani, ambako wenye asili ya Hadhramaut walikuwa na maduka kwa vizazi vingi, nililitamka kwa ulaini kuliko wote. Kila siku niliingia nikisema, "Akhi, kama kawaida." Kila siku naye alinijibu, "Karibu, Padre." Kwa muda wa zaidi ya mwaka mzima nilimwita mtu yule ndugu yangu, wala sikujua kama ana mke, ana watoto, au kama wazazi wake wangali hai. Nilijua tu kwamba hutia vitunguu vingi.

Kisha ikafika tarehe 2 Februari 2017. Siku chache kabla yake, tarehe 27 Januari, ilikuwa imetolewa amri ya kuwazuia kwa muda raia wa nchi 7, Yemeni ikiwamo, wasiingie Marekani. Siku hiyo ya Februari wenye maduka wa Kiyemeni, wenye maduka yapatayo 1,000 katika jiji zima, walifunga milango yao tangu saa sita mchana hadi saa mbili usiku, na wengi wakakusanyika Brooklyn kulalamika kwa amani na kusali hadharani. Mimi nilikuwa nimezisikia habari za amri ile, lakini nilizisikia kama mtu anavyosikia habari za mvua ya nchi nyingine. Nilifika dukani saa sita na dakika chache, nikakuta lango la chuma limeteremshwa na karatasi imebandikwa. Je, wapendwa, nini kilikuwa cha kwanza kuingia moyoni mwangu? Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa huruma. Ilikuwa ni hasira kidogo, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Hata hivyo, mlango uliofungwa ulinifundisha jambo ambalo mlango uliokuwa wazi haukuweza kunifundisha. Kesho yake niliporudi, sikusema "kama kawaida". Nilimwuliza, "Ndugu yangu, huko kwenu umewaacha nani?" Aliweka chini mwiko wake. Akaniambia kwamba mkewe na binti yake walikuwa wamevuka bahari mpaka Djibouti kuomba viza, kwa kuwa ubalozi wa Marekani mjini Sanaa ulikuwa umefungwa tangu mwaka 2015 kwa sababu ya vita, nao walikuwa wakingoja huko. Binti yule alikuwa na umri wa miaka sita. Baba yake alikuwa hajapata kumbeba. Nyuma yangu watu walikuwa wamepanga mstari, naye akauchukua tena mwiko wake. Lakini tangu siku ile nilipomwita akhi nilikuwa ninamwita mtu.

Mtume Paulo, katika somo la pili la leo, anawaambia Waefeso kwamba wale waliokuwa mbali wameletwa karibu, na kwamba Kristo ameubomoa ukuta uliokuwa ukiwatenga watu. Wakati mwingine tunadhani ukuta huo ni wa mawe mazito. Wangu ulikuwa wa unene wa kaunta ya duka, na ulibomolewa kwa swali moja.

Sasa nifike kwenye jambo linalonipa aibu.

Majuma machache baadaye, siku ya Ijumaa ya Kwaresima, nilikuwa nimeagiza mkate wangu, ule usio na nyama, mwenye duka akainama juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya chini, "Padre, ghorofa ya nne, juu ya duka hili, yuko mama mmoja mzee wa dini yenu. Zamani alikuwa akishuka mwenyewe kununua mkate. Sasa ngazi zimemshinda. Kila mchana mimi humpelekea supu na nusu mkate kwa mkono wa kijana wangu. Ana rozari mkononi na anauliza kila siku kama padre atakuja. Mimi ni Mwislamu, sijui taratibu zenu. Lakini najua jinsi mtu anavyomngoja mtu."

Niliitazama saa yangu. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa saba, na alasiri ile nilikuwa na mtihani. Nikamjibu, "Mwambie nitakuja kesho."

Kesho yake, Jumamosi, nilitakiwa kumalizia andiko langu. Dominika nilikuwa na Misa mbili na ubatizo. Nikasema moyoni: Jumatatu, baada ya vipindi. Nyumbani kwetu tulikuwa mapadre watatu. Ningaliweza kuwaambia wenzangu jambo lile wakati wa chakula cha jioni, na maneno yasingalichukua muda kuliko kuomba chumvi. Sikuwaambia. Sikuwa nimekataa kwenda, wapendwa. Hakuna wakati wowote niliposema "siendi". Nilisema "nitakuja", na neno hilo likanituliza dhamiri kana kwamba nimekwisha kwenda.

Jumatatu saa sita niliingia dukani. Mwenye duka hakuniambia "karibu". Aliukata mkate wangu, akaufunga, akaniwekea mbele yangu, kisha akasema, "Alichukuliwa hospitali usiku wa Jumapili. Alifariki kabla ya mapambazuko." Akanyamaza kidogo. Ndipo akaongeza, bila ukali wowote, "Alikungoja, Padre."

Mkate ule niliushika mkononi mpaka jioni, nisiweze kuula.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu wa dini nyingine, aliyetenganishwa na mtoto wake mwenyewe, alipanda ngazi za ghorofa nne kwa miguu ya kijana wake kila mchana ili mama mzee asilale na njaa. Na mimi, niliyewekewa mikono na askofu ili niwapelekee watu Mkate wa uzima, nilikuwa nikila chini ya dirisha lake na kwenda zangu. Nabii Yeremia katika somo la kwanza anawatangazia ole wachungaji wanaowaacha kondoo wapotee wala hawawaangalii. Tangu mwaka ule siwezi kulisoma somo hili mbele ya watu bila sauti yangu kutetemeka.

Twende tena kwenye Injili. Yesu naye alikuwa na haraka halali. Alitaka kuwapeleka wanafunzi wake mahali pasipo na watu wapumzike kidogo, na pumziko hilo ni yeye mwenyewe aliyelipendekeza. Wakapanda mashua. Watu wakawaona, wakakimbia kwa miguu wakizunguka ufuko, wakafika kabla yao. Bwana aliposhuka akakuta umati unamngoja. Hakusema, "Waambieni nitakuja kesho." Aliwaona, akawahurumia, kwa maana walifanana na kondoo wasio na mchungaji, akaanza kuwafundisha mambo mengi. Mitume walikuwa hawajala. Yeye mwenyewe alikuwa hajala. Lakini aliwaona kwanza. Huruma ya Bwana huanzia machoni. Na mtu anayekula akitembea, mara nyingi macho yake yako kwenye mkate wake na kwenye saa yake.

Na mkiendelea kusoma sura hiyohiyo ya sita, mtakuta kwamba jua lilipoelekea kuchwa Mitume walimshauri Bwana awaage watu waende vijijini wakajinunulie chakula. Ulikuwa ushauri wa busara, ushauri wa watu wa mjini: kila mtu ajitafutie mkate wake. Bwana akawarudishia wao jukumu lile: wawape wao wenyewe. Akawaagiza watu wakae chini katika majani mabichi, makundi makundi, ya mia na ya hamsini. Waliokuwa wakikimbia wakaketi. Waliokuwa umati wakawa meza. Ndipo alipochukua mikate mitano na samaki wawili, akabariki, akamega, na hakuugawa yeye mwenyewe: aliwapa wanafunzi wake waupeleke kwa watu. Hata siku ile jangwani, wapendwa, mkate wa Yesu ulipita katika mikono ya watu wachovu wenye njaa ambao walikuwa wangali hawajala.

Hapo, makatekista wangu, tuko katikati ya fumbo la Ekaristi Takatifu.

Kanisa linajua habari ya mkate wa kuchukua tangu mwanzo. Mtakatifu Yustino Mfiadini, aliyeandika mjini Roma karibu na mwaka 155, anaeleza jinsi Wakristo walivyokusanyika siku ya Dominika, wakasoma Maandiko, wakasali, wakashiriki mkate na divai iliyoombewa shukrani. Kisha anataja jambo moja ambalo tusilipite kwa haraka: mashemasi waliwapelekea sehemu ya mkate ule wale ambao hawakuweza kufika. Yaani, Wakristo wale wa kwanza hawakuihesabu Misa kuwa imekamilika mpaka mgonjwa aliye nyumbani naye awe amekula. Mkate ulichukuliwa, lakini ulichukuliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nasi Wakatoliki tunayo Komunyo ya mwisho anayopewa mtu aliye katika hatari ya kufa. Jina lake la Kilatini lina maana ya masurufu ya safari, na Kiswahili chetu kina neno lake zuri la kale: pamba ya njiani, chakula anachofungiwa msafiri asizimie kabla ya kufika. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 922, inaagiza kwamba pamba hiyo isicheleweshwe mno, na kwamba wenye kuchunga roho za watu wakeshe ili wagonjwa waipokee wakiwa bado na fahamu zao. Niliijua kanuni ile kwa nambari yake. Mtihani wangu wa Ijumaa ile, kama mnavyoweza kukisia, ulikuwa wa Sheria ya Kanisa. Nilifaulu vizuri.

Wengine mtaniuliza: je, mama yule alipotea kwa sababu yangu? La hasha. Mungu hakufungwa na uzembe wa padre wake. Mama aliyeitamani Komunyo kwa moyo wote, rozari mkononi, naamini Bwana mwenyewe alimwandalia meza, kama Zaburi ya leo inavyotuimbisha, akamvusha bonde lile la giza bila kuningoja mimi. Lakini huruma ya Mungu isiwe godoro la kulalia uvivu wetu. Mungu aliweza kumlisha bila mimi. Hata hivyo alinipa heshima ya kumlisha kwa mkono wangu, nami niliiacha heshima hiyo juu ya kaunta.

Misa ya maziko yake niliiomba niiadhimishe mimi. Waliohudhuria hawakuzidi kumi. Katika benchi la nyuma kabisa niliwaona mwenye duka na kijana wake wamekaa kimya, mikono magotini. Walikuwa wamefunga duka saa sita mchana, saa ya wateja wengi. Nilipotoka kanisani nilimwomba msamaha. Akanishika mkono akasema, "Mwombe Mungu, Padre. Na kesho njoo ule, lakini ukae chini." Alikuwa na stuli moja nyuma ya kaunta, karibu na friji. Tangu siku ile, mpaka nilipoondoka mwaka 2018, nilikula mkate wangu nimeketi juu ya stuli ile, dakika kumi kila siku, na katika dakika hizo nilipata habari za wagonjwa wengine watatu wa mtaa ule. Wote walipata Komunyo. Alikuwa katekista wangu, ingawa hakujua jina hilo. Siku niliyomuaga, mkewe na binti yake walikuwa wangali wakingoja Djibouti. Nawaomba mumkumbuke katika sala zenu, kama mimi ninavyofanya kila ninapouinua mkate altareni.

Wapendwa wasikilizaji, waswahili husema haraka haraka haina baraka. Lakini husema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mithali hizi mbili hazigombani. Mimi nilikuwa na haraka mahali palipotakiwa subira, na nilikuwa na subira mahali palipotakiwa haraka. Mkate wangu niliuchukua upesi. Mkate wa mama yule niliuahirisha. Tubadilishane mwendo: kwa mahitaji yetu tusiwe na pupa, na kwa anayetungoja tusichelewe.

Niwaachieni mambo mawili ya kufanya juma hili.

La kwanza ni kwenu ambao mmezoea kupokea Komunyo na kutoka moja kwa moja mlangoni kabla ya baraka ya mwisho, mkiwahi basi au chakula cha mchana. Nawaelewa; lakini Komunyo si chakula cha kufungiwa dirishani. Neno lenyewe Misa, katika Kilatini, limetokana na kuagwa na kutumwa. Anayetoka kabla ya kutumwa amechukua mkate, ila hajasikia aupeleke wapi. Kaeni dakika zile tano. Mshukuruni Bwana. Mwulizeni, "Bwana, leo waniagiza kwa nani?"

La pili ni kwenu viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, makatekista na wahudumu wa Komunyo. Katika mitaa yenu yuko mtu wa ghorofa ya nne. Huku kwetu huenda hakuna ghorofa. Ghorofa yake ni mguu uliopooza, ni kilima kati ya nyumba yake na kigango, ni aibu ya kukosa nguo ya kanisani, ni watoto waliohamia mjini wasirudi. Mtafuteni. Msingoje familia ije kuomba. Mkishamwona, njoni mmwambie paroko siku ileile. Na paroko akiwajibu, "Nitakuja kesho," msiondoke. Simameni mlangoni pake. Mwambieni kwa heshima, "Baba, twende sasa, sisi tutakushikia taa." Nawapa ruhusa hiyo mbele ya mapadre wenzangu wote wanaonisikiliza, kwa kuwa laiti mwenye duka yule angaliniganda siku ile, ningalimshukuru mpaka leo.

Nanyi wagonjwa mnaonisikiliza mkiwa vitandani, mkingoja: pokeeni msamaha ninaowaomba kwa niaba ya sisi sote tuliosema kesho. Msikate tamaa kuita. Mchungaji Mwema amekwisha kushuka katika mashua, amekwisha kuwaona, na hatapita.

Ee Bwana Yesu, uliyekosa wasaa wa kula kwa ajili yetu, ukawa mwenyewe chakula chetu, utupe macho ya kumwona ndugu aliye ng'ambo ya kaunta na mama aliye juu ya ngazi. Utufundishe kuketi tunapokula, na kuinuka upesi tunapoitwa. Na saa yetu itakapofika, mtume mtu atuletee pamba yetu ya njiani kabla ya mapambazuko. Amina.

Nawatakieni nyote Dominika njema na chakula chema cha mchana, mkikila pamoja. Tumsifu Yesu Kristo.